Namna ya kufundisha uchumi, kutafiti na kuandika kuhusu sera kwa kutumia swali moja

Kila mwaka wanafunzi wangu wa uzamili wanapokaribia kumaliza huja kuniuliza washike njia ipi: wabaki chuoni kufundisha, waombe kazi kwenye taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF, au waende huko sera zinakojadiliwa, wizarani na magazetini. Nawaambia wasianze na njia, waanze na swali. Ukipata swali lenye uzito utalifundisha, utalitafiti na utawaandikia wananchi juu yake, na kila kazi itaibeba nyingine. Ukilikosa, kazi hizo tatu zitakugawana: mchana unasahihisha mitihani, usiku unaandika ripoti ya mfadhili, na makala ya gazeti inasubiri likizo ambayo haifiki.

Swali langu ni la mahindi. Nimelelewa Mbinga, kwenye nyumba ya wakulima wa mahindi na kahawa, na nilipofika chuo kikuu niligundua kwamba jambo lililokuwa likiamua kama tutalipa ada kwa wakati halikuwemo kwenye mihadhara. Serikali inapozuia mahindi yasitoke nje ya nchi ili unga usipande bei mjini, nani analipa, na analipa kiasi gani? Nitatumia swali hilo katika mwongozo huu wote kwa sababu ndilo ninalolijua kwa ndani. La kwako linaweza kuwa la korosho, la nauli za daladala, la bima ya afya au la riba za mikopo ya vikundi. Namna ya kulifanyia kazi haitofautiani sana.

Chagua swali linalorudi

Sera nyingi hutangazwa mara moja zikaisha. Nyingine hurudi, na hizo ndizo za kushika. Zuio la kuuza mahindi nje lilitangazwa Tanzania mwaka 2011, likatangazwa tena 2017, na katikati mipaka ilifunguliwa. Mpaka unaofungwa na kufunguliwa unakuwezesha kulinganisha bei za kabla, za wakati wa zuio na za baada yake, na kulinganisha masoko yaliyo karibu na mpaka na yale yaliyo mbali. Machi 2021 jambo lilelile lilikuja kutoka upande wa pili: Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Wiki ile, kila mhariri wa Dar es Salaam na Nairobi alikuwa anatafuta mtu mwenye takwimu za bei za mpakani. Hakuna aliyeweza kuzikusanya wiki hiyohiyo. Aliyekuwa nazo alikuwa amezikusanya miaka ya nyuma, wakati hakuna aliyekuwa anauliza.

Pia hakikisha kwamba anayeumia na anayenufaika unaweza kuwafikia wewe mwenyewe, ukakaa nao na kuzungumza. Swali ambalo watu wake wote wako ndani ya jedwali litakuchosha mapema.

Darasani: anza na kipimo, bei itafuata

Mhadhara wa kwanza wa uhitaji na ugavi siuanzi kwa kuchora mistari miwili inayokatana. Nawatuma wanafunzi soko la nafaka la Tandale wakiwa wawili wawili, na daftari lenye safu sita: tarehe, soko, kipimo kinachotumika, uzito halisi kwa kilo, bei, na mahindi yametoka mkoa gani. Safu ya nne ndiyo wengi huirudisha tupu mara ya kwanza, na hapo ndipo somo linapoanza.

Debe la lita 20 hubeba mahindi makavu ya karibu kilo 18. Gunia linaloitwa la kilo 100 linaweza kuwa la debe sita, na likiwa lumbesa, lile lenye kilemba kilichoshonewa juu, linaweza kufika debe saba. Tuseme mkulima analipwa shilingi 50,000 kwa gunia. Kwenye karatasi za takwimu hiyo ni shilingi 500 kwa kilo. Kwenye lumbesa ya debe saba amekabidhi kilo 126, kwa hiyo kila kilo ameiuza kwa shilingi 397 hivi. Kilo 26 zimeondoka bila kuandikwa popote. Wakala wa Vipimo wanapiga vita lumbesa na sheria inaikataza, lakini mwanafunzi akishapiga hesabu hiyo kwa mkono wake anaelewa kwa nini mnunuzi hung'ang'ania kilemba kuliko anavyong'ang'ania bei. Baada ya hapo ndipo nachora ile mistari miwili, na safari hii wananiuliza maswali.

Wafundishe pia kuuliza. Mwanafunzi akifika kwa mfanyabiashara na kuanza na "faida yako ni kiasi gani?" atafukuzwa, na ni haki yake kufukuzwa. Aamkie kwanza, aseme anatoka wapi, asubiri mteja ahudumiwe. Mazungumzo yanayozaa takwimu huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mnataka nini leo, hamjaja kununua nyie."

"Kweli mzee, tunajifunza tu. Mzigo huu umeutoa wapi?"

"Songea."

"Gari limekula kiasi gani mpaka hapa?"

Hapo mzee ataeleza nauli ya lori, ushuru, wapakiaji, viroba vilivyopasuka, na mtu aliyemkopa asilipe. Faida unaitafuta mwenyewe baadaye kwa kutoa. Ukimheshimu, mwezi ujao atakupigia simu kukuambia bei imebadilika.

Kuhusu madarasa makubwa sina mengi ya kusema: ukiwa na wanafunzi mia tatu huwezi kusahihisha madaftari yote, lakini kwenye vikundi vya semina unaweza kusoma sampuli na kujadili kwa sauti. Hifadhi kila daftari. Miaka ikipita, mazoezi ya darasani yanakuwa mfululizo wa bei ambao hakuna ofisi nyingine inayo.

Utafiti: kazi ngumu iko kabla ya modeli

Takwimu nyingi unazohitaji zipo bure. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina Utafiti wa Taifa wa Kufuatilia Kaya, ulioanza 2008/09 na kurudi kwa kaya zilezile katika awamu zilizofuata. Dodoso lake la kilimo linauliza mavuno, kiasi kilichouzwa na thamani yake. Wizara inayoshughulika na biashara hukusanya bei za jumla za mazao ya chakula kwa gunia la kilo 100 kwenye masoko ya mikoa. Tathmini ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu ina jedwali la bei hizo na jedwali la akiba ya chakula iliyo kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Wengi huruka jedwali la akiba. Usiliruke: ndilo linalokuonesha serikali ilikuwa na nini mkononi siku ilipofunga mpaka.

Chambua kwa R, programu ya takwimu ya bure, kama huna fedha za leseni ya Stata, ile ya kulipia. Kwa vyovyote, andika kila hatua kwenye faili la amri, kuanzia kusafisha majina ya wilaya hadi jedwali la mwisho, na usibadilishe hata namba moja kwa mkono. Miaka miwili baadaye mhariri wa jarida atakuuliza kwa nini umeziacha kaya fulani, au ofisa wa wizara atakuomba hesabu zako. Faili hilo ndilo litakalokujibia.

Ukienda vijijini, karatasi zako ziwe kamili: kibali cha utafiti, barua ya chuo, kisha unapita kwa katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji ambaye atakupa kitabu cha wageni utie sahihi. Vijana huona safari hiyo ni usumbufu. Mimi nimejifunza mengi kwenye mabenchi ya ofisi hizo, kwa sababu mtendaji wa kata ndiye anayejua nani anakusanya ushuru wa mazao na wapi geti limewekwa. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Watafiti walikuwa wameandika juu ya mageti hayo kwa miaka mingi kabla ya hapo. Kazi ya namna hiyo huiva polepole, na anayeifanya anapaswa kuwa amejiandaa kusubiri.

Kwa ukuaji wa kitaaluma, watafute AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, wenye makao Nairobi tangu 1988. Mikutano yao hufanyika mara mbili kwa mwaka: unawasilisha pendekezo, unarudi na kazi iliyo njiani, unarudi tena na ripoti ya mwisho, na kila mara wachumi wa nchi nyingine za Afrika wanaichambua bila kukuonea haya. Benno Ndulu alipita huko kama mkurugenzi mtendaji, baada ya kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye alifanya kazi Benki ya Dunia, na kuanzia 2008 hadi 2018 alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania. Alifariki Februari 2021. Alipoanza ugavana, fedha za kwenye simu zilikuwa ndiyo zinaingia nchini. Benki Kuu iliziacha zianze kwa barua za kutokuwa na pingamizi huku ikizifuatilia kwa karibu, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilikuja 2015, jambo lenyewe likiwa limeshaeleweka. Naona katika uamuzi ule mazoea ya mtafiti: angalia kwanza, pima, ndipo uandike kanuni.

Sasa niseme wazi kuhusu ushauri elekezi, maana ndio unaomaliza wachumi wengi wa rika langu. Mshahara wa mhadhiri ni mdogo na mikataba ya ushauri inalipa, sitamlaumu mtu mwenye watoto shuleni. Lakini ripoti ya ushauri huishia kwenye kabati la aliyeilipia, haikupandishi cheo, na mara nyingi hata takwimu hubaki kwake. Kabla ya kutia sahihi, dai vipengele viwili viandikwe kwenye mkataba: kwamba takwimu zilizoondolewa majina unaruhusiwa kuzitumia kufundishia, na kwamba baada ya muda uliokubaliwa unaruhusiwa kuchapisha matokeo. Wakikataa vyote viwili, na ukaona kazi iko mbali na swali lako, iache.

Kuwaandikia wananchi na watunga sera

Makala ya jarida kwanza, gazeti baadaye. Kamati za kupandisha vyeo, kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi na kuendelea, hazihesabu safu za gazeti. Na mchumi anayeandika kila wiki bila utafiti nyuma yake, baada ya muda hubaki na maoni peke yake, ambayo hata wasomaji wake wanayo.

Muda wa kuandika una kalenda yake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Hotuba ya bajeti husomwa Dodoma katikati ya Juni, na siku hiyo magazeti yote hujaa uchambuzi ambao haubadilishi chochote kwa sababu vitabu vimeshachapwa. Mlango uko wazi mapema zaidi: mwezi Novemba Bunge linapojadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa bajeti, na kipindi ambacho Wizara ya Fedha inapokea maoni ya maboresho ya kodi. Kisha kuna dirisha dogo mwezi Juni, Kamati ya Bunge ya Bajeti inapowasikiliza wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Kwa swali la mahindi, wakati wangu ni Aprili na Mei, kabla Nyanda za Juu Kusini hawajavuna. Nikiandika Septemba, mkulima ameshauza.

Sasa aya yenyewe. Hii ni sentensi ya aina inayotoka kwenye makala ya jarida ikiwa haijaguswa:

"Matokeo yanaonesha kuwa zuio la usafirishaji wa nafaka lina athari hasi na yenye umuhimu wa kitakwimu katika bei ya mzalishaji, ilhali athari zake katika bei ya mlaji zina ukomo."

Ni sahihi, na kwenye jarida inatosha. Gazetini ningeandika hivi:

"Mkulima wa Namtumbo anapovuna huwa na wanunuzi watatu: wakala wa serikali, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na yule anayevusha mzigo mpaka. Mpaka ukifungwa, wa tatu haji. Wawili waliobaki wanajua mkulima hana pengine pa kupeleka, na wanajua Julai shule zinafunguliwa. Bei wanaipanga wao."

Hakuna jambo la kitaalamu lililopotea hapo: ushindani wa wanunuzi, uhitaji wa fedha taslimu, nguvu ya soko, vyote vimo. Baada ya aya hiyo ndipo unaweka namba yako moja, ile iliyotoka kwenye makala iliyopitiwa na wenzako. Namba moja kwa makala ya maneno 800 inatosha, mbili zikibanana.

Namba nyingine zinahitaji kufunguliwa kabla hujazitumia. Mfumuko wa bei ukishuka, watu husikia kwamba bei zimeshuka, kisha wanaenda dukani na kukuona mwongo. Onesha kwa mfano wa kufikirika: unga uliokuwa shilingi 1,500 ukafika 1,800, hiyo ni asilimia 20, mwaka unaofuata ukafika 1,890, hiyo ni asilimia 5. Mfumuko umeshuka sana, na unga bado umepanda kwa shilingi 390 tangu mwanzo. Umaskini nao ni hivyohivyo. Kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Lakini sensa ya 2022 ilionesha watu wanaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kwa hiyo katika kipindi hicho sehemu ya maskini ilipungua kidogo huku idadi yao ikiongezeka. Msomaji apewe zote mbili. Anayempa asilimia pekee anaifurahisha serikali, anayempa idadi pekee anawafurahisha wapinzani, na wote wawili wamemwacha msomaji njiani.

Tozo ya miamala ya simu ni mfano mzuri wa kuandika kwa kufuata shilingi yenyewe. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, na mwezi Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Makala nilizoziona zina nguvu wakati ule zilichukua muamala mmoja, labda wa binti wa Dar es Salaam anayemtumia mama yake fedha za dawa kijijini, zikajumlisha makato ya kampuni na tozo upande wa kutuma na upande wa kutoa. Msomaji aliweza kuchukua simu yake akahakiki. Makala zinazohakikika hivyo ni ngumu kupuuzwa.

Kwa watunga sera, andika kurasa mbili, si zaidi. Ofisa anayeandaa rasimu ya hotuba anataka kujua umependekeza nini, kitagharimu kiasi gani na fungu gani litabeba, nani atapinga, na nini kitatokea wasipofanya kitu. Ninapopendekeza kwamba badala ya kufunga mpaka NFRA itangaze mapema, kabla ya msimu, bei itakayonunulia na kiwango cha bei kitakachoifanya ifungue maghala, lazima nionyeshe gharama: maghala, dawa za kuhifadhia, fedha za ununuzi ambazo hulala kwenye magunia kwa miezi. Lazima pia niseme kwamba wenye mashine za kusaga mjini hawatafurahi. Ukiyaficha hayo, ofisa atayagundua mwenyewe, na karatasi yako ya pili hataifungua. Barua iwe ya adabu, ielekezwe kwa cheo chake, na kama makala inaikosoa idara yake, mpelekee nakala kabla haijatoka. Atakaporekebisha jambo, lirekebishe. Akiomba ulifute bila sababu, liache kama lilivyo.

Kuna suala la sheria ambalo vijana huniuliza kwa sauti ya chini. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa 2018, ikafanya kupinga takwimu rasmi hadharani kuwa kosa la jinai. Mwaka 2019 kipengele hicho kiliondolewa. Waliokuwa wanaandika kipindi kile wanajua ukimya ulioingia kwenye semina zetu. Kinga ninayoiamini ni ileile ya faili la amri: eleza sampuli yako, eleza kilichokosekana, weka takwimu mahali ambapo mtu mwingine anaweza kurudia hesabu. Na tamka maslahi yako. Kama umelipwa na kampuni ya kusaga nafaka mwaka huu, msomaji ajue kabla hajafika aya ya pili.

Makala ikishatoka, jibu wasomaji. Kwangu barua zenye faida kubwa hutoka kwa madereva wa malori na mawakala wa mazao wa Tunduma na Makambako, ambao husoma kwa makini kuliko wabunge wengi. Wakisema bei niliyoandika si ya kwao, nauliza gunia lao ni la debe ngapi na walipita geti gani, naingiza jibu kwenye daftari, na muhula unaofuata kikundi kimoja cha semina kinapewa kazi ya kulifuatilia.

Ukiwa unaanza sasa na swali lako ni la mazao, nunua mizani ndogo ya kuning'iniza kabla ya Mei.